Chapati Tatu za Chamwino

Benchi letu lipo kibarazani kwangu, Chang'ombe, mbele ya cherehani yangu, na ikifika saa kumi na moja jioni halina nafasi. Katikati hukaa Swalihu, fundi viatu, tunayemwita Profesa kwa sababu tangu tumjue hajakubali kwamba lipo jambo asilolijua. Kulia kwake hukaa Gaudence, fundi rangi, aliyetumikia altareni utotoni na mpaka leo jina lake ni Askofu. Kushoto ni Sostenes, karani wa masjala ya wizara moja huko Mtumba, nje kidogo ya mji, ambaye sisi wenyewe tumempandisha cheo, tukamwita Katibu Mkuu. Mwisho wa benchi, kwenye mguu unaocheza, hukaa Mrisho, muuza vipuri vya baiskeli. Jumanne ile ya Julai, upepo ukitumwagia vumbi vikombeni, Mrisho alifika uso umemvimba, hakusalimia mtu, akamwambia Adamu muuza kahawa:

— Nipe kahawa. Na visheti viwili.

Adamu alishika koleo, hakuinua kitu.

— Visheti, kaka Mrisho? Si kashata kama siku zote?

— Umesikia vizuri. Visheti.

Tukatazamana. Visheti ni ngano, na Mrisho na ngano waliachana miezi saba iliyopita. Alikuwa ameugua kwa muda mrefu: tumbo kujaa kama mpira, kuharisha, uchovu wa kumlaza mchana juu ya matairi dukani. Hospitali wakampima, wakamwambia kwamba tumbo lake na ngano havipatani kabisa. Basi chapati, maandazi, mkate, tambi, sambusa, vyote vikafungiwa mlango. Na kweli alipona. Uso ulinawiri, mkanda ukarudi tundu mbili. Mkewe Stara, mama Yusra, ili asimtamanishe, naye aliacha kupika chapati nyumbani, na watu wote wa mtaa huu wanajua mkono wa Stara kwenye chapati.

Adamu akaweka visheti viwili kwenye kisahani. Mrisho akakipakata, akawa anavitazama tu. Profesa ndiye aliyeanza.

— Hebu ngoja. Kabla hujala, tueleze. Nani kakuudhi?

— Hakuna. Nimejiudhi mwenyewe.

Akatueleza. Jumamosi alikuwa Chamwino, harusi ya mpwa wake Sabiha. Wanaume nje kwenye turubai, wanawake ndani. Yeye kakaa na sahani yake ya pilau kwa adabu zote. Sinia la chapati likapita, akaliacha lipite. Likarudi, akaliacha tena. Mara shemeji mmoja wa upande wa bwana harusi akapaza sauti: “Jamani, mjomba wa bibi harusi anazikataa chapati zetu! Au hajapewa ruhusa na mkewe?” Turubai zima likacheka.

— Nikachukua moja ili wanyamaze, alisema Mrisho. Moja tu. Wallahi nilikusudia moja. Ilipopita kooni nikajiambia, nimeshaharibu, basi. Nikala ya pili. Ya tatu sikuihisi hata ladha. Jumapili nikaamka tumbo limejaa. Badala ya kuacha, nikasema nimeshaharibu, basi. Nikanunua maandazi, nikala dukani, nyuma ya matairi, kama mwizi. Jana vilevile. Mama Yusra hajui kitu. Sasa nimechoka kujificha. Mtu dhaifu ni dhaifu. Naacha hiyo diet yao, nile, nife nikiwa nimeshiba.

Akainua kisheti kimoja. Askofu akamshika mkono hewani.

— Usile! Hilo jambo lina utaratibu. Sisi kwetu unakwenda, unaungama, unapewa malipizi, unatoka mweupe.

— Mimi Mwislamu, Askofu.

— Ungama hapahapa. Mimi nitakusikiliza kwa niaba ya tumbo.

— Na malipizi?

— Uji wa ulezi bila sukari, siku tatu. Na kisheti kimoja unampa aliyekusikiliza.

Profesa akasonya.

— Huyo anataka visheti vyako. Nisikilize mimi. Chamwino ni wapi?

— Chamwino ni Chamwino.

— Ni safari! Msafiri ana ruhusa zake. Hata mwezi wa Ramadhani msafiri anafungua. Kwa hiyo zile chapati tatu hazina hesabu.

Katibu Mkuu akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Safari gani ya Chamwino, Profesa? Unaweka pipi mdomoni hapa, unashuka kule haijayeyuka!

— Na maandazi ya dukani je? nikauliza mimi. Nyuma ya matairi nako ni safari?

Profesa akafikiri kidogo.

— Inategemea ni matairi mangapi.

Hapo Katibu Mkuu akaweka kikombe chini, akanyoosha shati. Tulijua tumekwisha.

— Ndugu wajumbe, tusiende kwa jazba. Hapa hakuna kosa. Kuna changamoto katika utekelezaji. Ndugu Mrisho alikuwa na mpango wa miezi saba, umetekelezwa vizuri, katikati ukaingiliwa na wadau kutoka upande wa bwana harusi. Kinachotakiwa ni barua. Tumwandikie yule shemeji ajieleze ndani ya siku kumi na nne.

— Na nakala kwa nani? akauliza Askofu.

— Kwa bibi harusi.

— Na tumbo lake lisubiri siku kumi na nne?

— Tumbo litakaimiwa.

Hata Mrisho akatabasamu, ingawa alikuwa amejishika ubavu. Lakini kisheti kilikuwa bado mkononi, na mafuta yalikuwa yameshamfika kwenye kidole gumba. Profesa hakupenda kushindwa mbele ya serikali, akapandisha sauti.

— Nyie hamjui mwili. Mtu ana matumbo mawili. Lipo la nyumbani na lipo la sherehe. Mnafikiri kwa nini unashiba pilau harusini, keki ikija inapata nafasi? Inakwenda kwenye lile la pili! Chapati za Jumamosi zililiwa na tumbo la sherehe. La nyumbani halina hata taarifa.

— Mbona la nyumbani ndilo linaloharisha? akauliza Mrisho.

— Hilo ni wivu.

Tulicheka sana. Na katikati ya kicheko hicho niliona kitu kilichoniumiza: Mrisho alicheka na sisi, kisha uso ukamshuka ghafla kama mtu aliyekumbuka msiba. Akakisogeza kisheti mdomoni.

— Shemeji Stara huyo anakuja, akasema Adamu, bila kugeuka.

Kweli. Stara alikuwa anavuka barabara na kapu la sokoni, mtandio umejaa upepo. Sijawahi kuona benchi letu likifanya kazi kwa umoja namna ile. Askofu alimpokonya Mrisho kisheti, akakitia chote mdomoni. Profesa akachukua cha pili, akakichomeka ndani ya kiatu cha mteja alichokuja nacho kukishona. Katibu Mkuu akafuta kisahani kwa tai. Stara alipofika, tulikuwa tumekaa kama tunapigwa picha.

— Shikamoo, kaka Swalihu.

— Marahaba, shemeji, akajibu Profesa. Za sokoni?

— Nzuri. Habari zenu wote? Askofu, mbona huitikii?

Askofu akatikisa kichwa, mashavu yamemjaa, machozi yanamlengalenga. Stara akamtazama, akatazama kisahani, akamtazama mumewe. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: akamsogeza mumewe kidogo, akaketi benchini, akamwomba Adamu kahawa. Akainywa funda moja.

— Baba Yusra, shati lako la harusi nililifua Jumapili. Mfukoni nilikuta robo ya chapati. Ulikuwa unaipeleka wapi?

Mrisho akainamisha kichwa.

— Sikumbuki.

— Nimengoja uniambie. Jumapili, jana, leo. Naona unaamka usiku unajikunja, unaniambia ni gesi. Nikasema, nitamfuata hukohuko anakosemea.

— Nimeharibu, mama Yusra. Miezi saba yote nimeitupa. Na wewe umejinyima chapati kwa ajili yangu. Nitakutazamaje?

Stara akazungusha kikombe. Nikaona amekunja midomo, nikadhani analia. Kumbe alikuwa anazuia kicheko.

— Kuhusu kujinyima, akasema polepole, na mimi nina langu. Kila Alhamisi, nikikuaga kwamba naenda kwa Vaishali, nyuma ya duka lako, kuangalia vitambaa...

— Ndiyo?

— Hatuangalii vitambaa.

Askofu akameza kwa shida, akakohoa.

— Vaishali anasukuma, mimi nachoma, aliendelea Stara. Tunafunga mlango. Tunakula na mchuzi wa dengu mpaka tunaegemea ukuta. Kisha nanawa kwa ndimu, narudi nyumbani.

— Alhamisi ngapi? akauliza Mrisho.

— Zote. Isipokuwa ile Yusra alipokuwa na homa.

Mrisho alimkodolea macho. Kisha kicheko kikamtoka kutoka chini kabisa, kikageuka maumivu, akajishika tumbo, akaendelea kucheka hivyohivyo. Stara akaweka kikombe, akamshika mkono, mbele yetu sote.

— Linauma sana?

Nikashtuka. Tulikuwa tumekaa na yule mtu karibu saa nzima. Tulimpa ruhusa ya msafiri, tukamwandikia barua, tukamgawia tumbo la pili, na hakuna aliyemuuliza hilo.

— Linauma, akasema Mrisho. Toka Jumapili. Ila aibu ndiyo inayoniuma zaidi.

— Unamwonea aibu nani?

Mrisho akafikiri. Akatutazama mmoja mmoja, kama jibu liko kwetu. Profesa akachungulia ndani ya kiatu. Katibu Mkuu akakunja tai. Askofu alikuwa bado anapambana na sukari kwenye meno. Mimi nilishika uzi, nikautafutia tundu la sindano nisilohitaji.

— Shemeji yule wa Chamwino? akasema Stara. Daktari? Mimi? Hawa?

Adamu akaongeza maji kwenye birika, akakoleza makaa.

— Haya, twende, akasema Stara. Nimenunua unga wa mtama na mlenda. Ule kidogo, ulale. Kesho ni kesho.

Mrisho akainuka, akachukua kapu. Walipokuwa wanavuka barabara, upepo ulituletea maneno yao kana kwamba wamekaa bado benchini.

— Na keshokutwa, Alhamisi, utakwenda kwa Vaishali?

— Nitakwenda.

— Basi fungeni na dirisha. Harufu inafika mpaka dukani kwangu.