Jina Ambalo Mama Halitamki

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nimewahi kusimama kabla mchungaji hajabadili mawazo, kwa hiyo naanza na ujinga wenyewe: mtu nisiyemjua aliniuliza kwenye simu mdogo wangu anasoma shule gani na anatoka saa ngapi, nami nikamjibu. Nikamwekea na kikatuni cha kucheka.

Wengi mnanijua. Mie ndiye yule wa kidato cha tatu niliyeigiza mchunga kondoo siku ya Krismasi nikasinzia kweli jukwaani. Mdogo wangu yuko darasa la pili. Amerithi jina la bibi mzaa baba, kwa hiyo nyumbani kwetu Goba hakuna anayemwita jina lake. Tunamwita Bibi. Baba anaendesha lori la mizigo kutoka Kurasini mpaka Tunduma, na akirudi anamsalimia, "Shikamoo, mama." Naye anajibu bila aibu, "Marahaba. Umeniletea nini?" Mama ndiyo kabisa. Yeye jina la mkwewe halipiti mdomoni. Fomu ya shule aliijaza vizuri tu, lakini alipoambiwa asome alichoandika, akanisukuma mbele nisome mie. Nilimchekaga sana kwa hilo. Nilimwita mtu wa zamani.

Sasa nyumba ina kichekesho kama hicho, na mie nina simu ya zamani ya mama ambayo nilipewa kwa ajili ya kusoma Bailojia. Mnategemea nini? Nikawa namrekodi. Bibi anamgombeza baba kwa kuchelewa safarini. Bibi akiwa na sweta la shule, nembo ikionekana vizuri, anakataa uji. Bibi anamwagiza mama vitumbua wakati mama anafunga mlango aende dukani kwake Mwenge, kwenye vinyago. Watu wakapenda. Wakaomba zaidi. Ndugu zangu, sifa ni tamu, na mie sikuwa nimezizoea. Darasani nasifiwaga siku nisipokuja.

Kati ya wale mashabiki alikuwepo mmoja aliyejiita Anko Deo. Huyo hakukosa. Kila video anaandika, "Dogo una kipaji, utafika mbali." Baadaye akahamia kwenye ujumbe wa faragha. Akauliza Bibi anasoma wapi, ana zawadi yake. Nikamwambia. Akauliza anatoka saa ngapi, nani anamfuata. Nikamwambia anarudi na watoto wa jirani, baba yuko safarini. Hakunitishia wala hakuniibia nywila. Alinisifia tu, nikampa kila kitu, na asante nikasema mie.

Wiki hiyohiyo yule mtu akaenda shuleni.

Yaliyotokea pale getini nilisimuliwa na mwalimu wa zamu, Madamu Sikudhani. Watoto wanatoka. Mwanaume amesimama na mfuko wa biskuti. Anainama, anasema, "Bibi, shikamoo." Vilevile kama kwenye video. Mdogo wangu akacheka, akajibu "Marahaba, mjukuu wangu," akampa mkono. Kwa nini asimpe? Sie tumewafundisha watoto kwamba kila mwanaume ni anko na kila mwanamke ni anti, na anayejua jina lako la nyumbani huyo ni wa nyumbani.

Madamu akawafuata. "Kaka, habari. Huyu unampeleka wapi?"

"Mie anko wake, madamu. Baba yake yuko safari ya Tunduma, mama yuko dukani Mwenge. Nimetumwa nimchukue Bibi."

"Bibi ni huko kwenu. Hapa shuleni anaitwa nani?"

Yule mtu akacheka. "Si Bibi tu, madamu. Tumemzoea hivyo."

"Mimi darasani sina Bibi. Niambie jina."

Hakulijua. Video zote zile, na jina halimo hata moja, kwa sababu mama halitamki, nasi tumekua hatulitamki. Heshima ya mama kwa mkwewe, ile ile niliyoiita ya zamani, ndiyo kitu pekee ambacho sikuwa nimekianika hadharani. Mtaniita mropokaji, lakini mie pale namwona Mungu. Madamu akauvuta mkono wa mtoto. Yule mtu akaweka simu sikioni kana kwamba amepigiwa, akavuka barabara, akapanda bodaboda. Hajaonekana tena. Mama alitoa taarifa polisi, maelezo yakachukuliwa. Akaunti ya Anko Deo ilifutwa kabla hata sijaonyesha ni ipi.

Na jina lenyewe leo sitalisema. Nawaona mnaorekodi.

Nimefuta video zangu, lakini siwezi kufuta za waliozipakua. Hilo ndilo linaloninyima raha, na sitawadanganya kwamba nimepona. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na geti letu, nasimama. Bibi naye kwa muda alikataa kabisa kuitwa Bibi, na mie ndiye niliyemnyang'anya jina hilo.

Ndugu zangu, siku hizi nakaa na watoto wa shule ya Jumapili baada ya ibada. Nawaonyesha picha, nawauliza, "Mwizi anaona nini hapa?" Wananipita mbali. Wanaona nembo ya sweta, kibao cha duka, namba ya nyumba. Mmoja akaniuliza, "Kaka, mbona wewe kwenye picha yako umevaa sare?" Nikaibadilisha palepale mbele yao. Nawaambia: jina lako si ufunguo wa kumfungulia kila mtu. Ukimpata anayekutaka ufiche siri na yeye, kimbilia kwa mtu mzima, hata kama umeshakosea, hasa kama umeshakosea. Nyumbani kwetu sasa kuna swali. Anayekuja kumchukua Bibi lazima alijibu, na Bibi mwenyewe ndiye anayelitunga na kulibadili. Juzi mama alikosa jibu, akaambiwa asubiri hapohapo.

Kama upo hapa na kuna mtu kwenye simu yako anakusifia kuliko mama yako, nakusihi, mtegemee Bwana, halafu toka nje ukamwambie mtu leo. Mie nilichelewa kusema, na Mungu akanisubiri. Asante Yesu. Asante Madamu.

Mtauliza mama alifanya nini. Jioni ile nilimkabidhi simu, nikampa azisome meseji zote mwenyewe, nikasimama karibu na mlango kwa sababu zangu. Alisoma mpaka mwisho. Bibi alikuwa amelala mapajani kwake. Nikasubiri kofi, halikuja. Ndipo akasema, sauti ya chini asimwamshe mtoto:

"Chakula chako nimekifunika jikoni. Nenda ukale. Kesho Bibi unampeleka shule wewe, na unamrudisha wewe, mpaka siku atakayokwambia mwenyewe kwamba hataki tena."