Mpaka Alioupanda Binti Yangu

Papa na Mama mliokusanyika hapa, mniruhusu niseme nikiwa nimesimama, ingawa magoti hayataki. Ubaya wangu niliufanya nikiwa nimesimama, mbele ya watu.

Binti yangu alifiwa na mume kule Buleusa, akarudi kwetu Masisi na watoto wake. Nilimpa kipande cha mlima kilichokuwa kichaka kitupu. Alikifyeka, akakilima, maharagwe yakakubali hata majirani wakaja kuomba mbegu. Hapo ndipo kijana wangu wa kiume alipokitaka. Nikasema desturi yetu: mlima haurithiwi na mwanamke. Nikaing'oa miti ya mpaka wake kwa mikono yangu, nikampa kijana shamba. Mnajua maana yake kwetu: kumng'olea mtu mpaka ni kumwambia hana kwao.

Aliniuliza neno moja tu. "Papa, kama miye niko muntu wa kwa wengine, hawa batoto njo ba nani?"

Nikamgeuzia mgongo. Akaenda kulima mashamba ya watu ili watoto wapate kula.

Baadaye wakaja wageni wa shirika moja la nje na formasyo yao, yaani mafunzo, juu ya haki za wanawake. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilikwenda kwa ajili ya chakula cha saa sita. Walipotaja mapatano ambayo mataifa yametia sahihi, na nchi yetu pia, nilisema kwa sauti kwamba mataifa hayajawahi kupanda mlima wetu huu wa Muheto. Wanaume wakacheka. Mama aliyetufundisha, mwanamke wa hapa hapa Kivu, hakukasirika. Alituomba kila mmoja achore mashamba yake chini, aweke jiwe la anayelima, la anayepalilia, la anayevuna. Nikaweka. La mke wangu, la binti yangu, la binti yangu tena. Kwenye kile kipande nilichomnyang'anya nikatafuta mahali pa kuweka jiwe langu, ama la kijana wangu. Sikupata; aliyekilima ni yeye tu. Nilibaki nimechuchumaa, kicheko kimeniisha.

Kesho yake nikawaita majirani na ndugu, nikampa binti yangu miche ya mpaka aipande mwenyewe. Mdogo wangu akanicheka: "Muzee, bazungu bamekuroga. Mukono ya mwanamuke haipandake mupaka."

"Basi kaa hapa utazame," nikamwambia. "Wewe njo utakuwa shahidi wake."

Kijana wangu hanisalimii hadi leo. Inaniuma, lakini shamba sirudishi.

Namshukuru mama yule wa formasyo, na ninyi akina mama mliowalisha wajukuu wangu wakati mimi nilipowanyima. Wageni walishaondoka, na nasikia wengine wananong'ona kwamba sasa turudie ya zamani. Wanaume wenzangu, msingoje nife. Njooni mchana, nikiwa hai, mniambie usoni mnataka kung'oa nini.

Na wewe unayemnyima binti yako mlima leo, usimwombe maharagwe ukizeeka. Mimi niliomba. Alinipa, na sikustahili.