Udongo wa Kwanza: Maisha ya Marehemu Herman Ngassa, Aliyeutaka Uanasheria Mkuu

Marehemu Herman Ngassa alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 katika kijiji hiki, nje kidogo ya Mhunze, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ngassa Jilala na Mama Scolastika, ambaye yupo hapa upande wa kulia wa jeneza.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari mjini Shinyanga. Akiwa darasa la nne, mbuzi alikula shati lake la shule. Herman alimfunga mbuzi kamba, akamleta mbele ya baba yake na kumsomea mashtaka. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mbuzi hana kosa. Aliyeanika shati majanini ndiye apigwe." Herman alichapwa viboko, akalala bila kinyongo. Mama yake husema kwamba siku hiyo mtoto aliipenda sheria, ingawa ilimwumiza. Alihitimu shahada ya sheria Dar es Salaam mwaka 1999.

Aliajiriwa kuwa Wakili wa Serikali, akaendesha mashtaka Geita, Shinyanga na mwishowe Kahama. Kesi iliyompa jina ilitoka hapa hapa. Oktoba 2018 mayu Asteria, mama mzee wa hapa, aliuawa kwa panga mlangoni pake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliyopikia maisha yake yote, na watu wa kijiji hiki walisema ni ya mchawi. Waliomwua walikuwa vijana wawili wa hapa. Mmoja alikamatwa machimboni karibu na Bulyanhulu. Mwingine alikuwa mpwa wa Stanslaus, ntemi, yaani mkuu, wa sungusungu wetu wanaolinda kijiji. Aliyewaona kwa macho ni mkwe wa mayu Asteria, Rhoda, mama wa Wiliam. Aliogopa kusema. Herman alikwenda kwake, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji yake.

"Sema ulichokiona, Mama Wiliam," alimwambia. "Kijiji kikikugeuka, mimi nipo."

Rhoda alisema yote mahakamani Shinyanga mwaka 2020, na vijana wale walifungwa. Alipofika nyumbani akakuta sungusungu wamemtenga. Kila aliyepo hapa anajua maana yake. Aliyetengwa hachoti maji kisimani, hasagiwi unga mashineni, hasalimiwi, haendi msibani. Anayeshirikiana naye kwa lolote hutengwa naye siku hiyo hiyo. Herman alikuja na gari la serikali, akamwambia ntemi kwamba atamshtaki. Rhoda akarudi kisimani. Hilo Herman alilifanya, na linastahili kusemwa.

Alifunga ndoa na Bi. Wema tarehe 5 Mei 2001 kanisani Kahama, wakajaliwa watoto wawili, Donatus na Mwanaima. Ndoa yao ilikuwa ya maelewano hadi Juni 2025, marehemu alipoacha kazi ili agombee ubunge. Katika kila mkutano alisema maneno yale yale: "Nipeni kura nikawe Mwanasheria Mkuu wa Serikali." Cheo hicho hakipigiwi kura. Rais huteua. Mkewe, ambaye ni mwalimu, alimwambia wakiwa mezani.

"Baba Donatus, cheo hicho hakina sanduku la kura."

"Watu hawajui."

"Wewe unajua."

Marehemu aliendelea kula.

Mwezi Julai alikuja kuomba kura hapa. Ntemi Stanslaus alimpokea vizuri, akamkalisha kwenye kiti chenye mto. "Wakili, kijiji hakina tatizo na wewe," alisema mbele ya mkutano. "Tatizo ni yule mwanamke. Wewe ndiye uliyetuzuia. Tuambie leo kwa mdomo wako: mambo ya kijiji yaamuliwe na nani?"

Rhoda alikuwa amekaa mstari wa nyuma. Herman alimwona. Aliona pia ukubwa wa mkutano ule, na moyoni alikwisha kujiona amevaa joho. Akasema, "Mambo ya kijiji yaamuliwe na kijiji." Watu walipiga makofi. Waliokaa karibu na Rhoda walihamisha viti vyao kabla makofi hayajaisha, na jioni hiyo mashine ya kusaga ilimfungia mlango. Msafara ulipopita kwake alikuwa amesimama langoni. "Habari za mkutano, Baba Donatus," alisema. Marehemu alipandisha kioo cha gari. Tangu siku hiyo Rhoda huteka maji bwawani, wanakonyweshwa ng'ombe.

Katika kura za maoni za chama marehemu alikuwa wa mwisho. Hata kijiji hiki hakikumpa. Ntemi alipoulizwa sababu alicheka: "Kama amemwacha Rhoda, sisi ni nani asituache?" Kahama madereva wa bodaboda walimpa cheo alichokitaka. "Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu, twende Dodoma?" mmoja alimwita stendi. Mwenzake akadakia, "Huyo mpeleke sokoni tu, Dodoma hawamjui." Marehemu aliacha kutoka nyumbani.

Oktoba 2025 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Kahama, kisha Mwanza, bila mafanikio, na mwezi Januari aliomba kurudishwa kijijini. Siku ya kwanza tu alitaka apelekwe kwa Rhoda. Mkewe alimshika mkono hadi langoni; marehemu alikuwa amekonda, macho ya manjano.

"Mama Wiliam, naomba maji ya kunywa."

"Nimetengwa, Baba Donatus. Ukinywa kwangu, na wewe umetengwa. Nani atakuchimbia kaburi?"

"Nipe tu."

"Siku ile ya mkutano ulikuwa mzima, hukuyataka. Leo unayataka ili ufe vizuri." Rhoda aliingia ndani, akafunga mlango. Herman alisimama pale mpaka mkewe akamrudisha nyumbani.

Kwa wiki zilizobaki hakuzungumzia jambo jingine. Alimwita Ntemi Stanslaus mara mbili amwombee Rhoda, mara zote ntemi alijibu, "Kijiji kiliamua, Wakili. Ulisema mwenyewe." Ndipo alipoagiza kwamba wasifu wake uyaseme haya bila kupunguza, na kwamba azikwe kwa utaratibu utakaosomwa hapa chini. Alifariki dunia tarehe 9 Februari 2026, saa nne asubuhi, nyumbani kwa mama yake.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili na mjukuu mmoja, Edward. Amemwacha pia Rhoda, ambaye hakuwa ndugu yake, na ambaye bado anakunywa maji ya bwawa. Familia inamtaja hapa kwa kuwa ni miongoni mwa aliowaacha.

Utaratibu ni huu. Udongo wa kwanza kaburini utatiwa na Rhoda, kwa jembe la marehemu. Atakayefuata atapokea jembe hilo mkononi mwake. Kwa sheria ya sungusungu, huyo atakuwa ameshirikiana naye, na atatengwa. Kwa sheria hiyo hiyo, anayeondoka msibani kabla ya kufukia naye hutengwa. Kijiji kimejaa hapa leo. Kila mtu achague, kuanzia Ntemi Stanslaus, aliyepangwa wa pili.

Rhoda alipoombwa, alikubali kwa neno moja la nyongeza, nalo linasomwa kama alivyolisema: "Nitatia udongo. Msiandike kwamba nimemsamehe."

Haikuandikwa.

Mungu ampe Herman pumziko ambalo hakumpa mwenziwe. Jembe liko miguuni pa jeneza. Mama Wiliam, karibu mbele.