Mama Nyufa na Jumatatu Zake

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliotoka mbali kuja kutushika mkono: kabla hatujamlaza mpendwa wetu, tumsimulie kidogo. Mwenyewe asingetaka tumpambe. Angesema, "Semeni mlichokiona, mengine acheni." Basi tunasema tulichokiona.

Mhandisi, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Nyufa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya wanne wa karani wa stesheni ya reli na mkewe mshona nguo. Nyumba yao ilikuwa safu ya nyuma, karibu na karakana, na kila treni ya mizigo ilipopita vikombe vilicheza kabatini. Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa na ufa. Wenzake waliuona kama mahali pa kuchomekea vijiti. Yeye alikoroga unga wa ngano kwa maji, akabandika kipande cha karatasi juu ya ufa ule, akawa anakichungulia kila akiamka. Siku karatasi ilipochanika katikati, alimfuata baba yake aliyekuwa akinyoa ndevu.

"Baba, nyumba inatembea."

Mzee alicheka mpaka akajikata kidevu. Lakini alikwenda kuangalia, na mafundi wakaitwa. Tangu hapo akawa akiwaonya wageni: "Huyu msimkaribishe kwenu, atawahamisha."

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa wafanyakazi wa reli tangu 1975 hadi 1981, kisha sekondari ya bweni ya wasichana. Huko hisabati ilimpenda naye akaipenda. Kuimba kulimkataa katakata. Mwalimu wa kwaya alimwomba awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti. Mwaka 1989 aliingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa ujenzi, akahitimu 1993.

Mwaka huo huo alikwenda studio kupiga picha ya kitambulisho cha kazi. Mpiga picha, kijana mwembamba mwenye maneno mengi, akamwambia, "Tulia dada, niangalie mimi."

"Siwezi. Naangalia boriti iliyo juu yako. Imepinda."

Kijana alitazama juu, akabeba kamera na stendi yake, wakapigia picha ile nje. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1995, wakajaliwa binti mwaka 1997 na mwana mwaka 2001. Shemeji yetu hadi leo husema, "Wenzangu walitazamwa usoni. Mimi nilitazamwa dari, nikapendwa hivyo hivyo."

Kwa miaka kumi na sita alifanya kazi katika kampuni moja ya wahandisi washauri. Alikagua, akaandika ripoti, wakubwa wakatia sahihi. Hakulalamika, ndivyo ofisi ile ilivyokwenda. Lakini mwaka 2009 wenye kampuni waligombana, kila mmoja akashika njia yake, na Mama Nyufa akajikuta nje akiwa na ujuzi tele na jina lisilojulikana hata mtaa wa pili. Alikodi chumba juu ya duka la miwani, akaweka meza, viti na bango mlangoni. Simu ikamnunia. Wachache waliopanda ngazi walichungulia, wakauliza, "Mhandisi yupo?"

"Ndiye mimi. Karibu."

"Aa. Basi nitapita kesho."

Kesho hiyo haikufika.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa muuguzi, ndiye aliyemtoa kwenye unyonge. Siku moja alimkuta akifuta vumbi kwenye viti ambavyo havikukaliwa na mtu, akamwambia, "Mdogo wangu, kujua unajua. Shida ni kwamba watu hawajui kuwa unajua. Si kuna hizi blogu? Andika."

Akaandika. Blogu akaiita Ziba Ufa, kwa sababu kila msomaji angeweza kuimalizia methali mwenyewe. Makala ya kwanza ilitoka mwezi Februari 2010, ndefu kama treni, imejaa kanuni na vifupisho. Dada aliisoma yote, akapiga simu.

"Nimesoma."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa neno 'ukuta'."

Alikasirika siku nzima. Kisha akaifuta, akaanza upya. Tangu hapo akajiwekea utaratibu: makala moja kila Jumatatu asubuhi, ijibu swali la mtu mmoja wa kweli, iwe na picha, na mwisho aseme waziwazi asichokijua. Mumewe aliyezoea kupiga maharusi akawa anapiga kuta. "Angalau hizi hazifumbi macho," alisema.

Mwaka wa kwanza wasomaji walikuwa ndugu na marafiki, na ndugu wenyewe kwa kusukumwa. Maoni chini ya makala yalitoka kwa mtu aliyejiita Msomaji Makini, aliyesifia kila kitu. Ilipita miaka ndipo dada alipokiri kwamba Msomaji Makini alikuwa yeye. Lakini Mama Nyufa hakuruka wiki. Umeme ukikatika, alikwenda kuandikia kwa kinyozi mwenye jenereta, vichwa vikinyolewa ubavuni mwake. Alijifunza kuandika makala za akiba, ili ugonjwa au safari isimkatize. Mtengenezaji mmoja wa rangi alitaka amsifie rangi yake inayoficha nyufa; alimjibu kwa upole kwamba rangi haizibi ufa, inaufumba macho tu. Haba na haba, watu wakaanza kumwandikia. Fundi mwashi akauliza kuhusu msingi. Mama mwenye nyumba ya kupangisha akauliza kuhusu choo cha ghorofani. Wengine wakapanda ngazi za ofisi wakimtafuta yeye hasa. Mtu aliyemwita Mama Nyufa kwa mara ya kwanza alidhani anamtania. Yeye akalichukua jina kama cheo.

Mwaka 2014, asubuhi ya siku ya shule, alipigiwa simu na mwalimu mkuu mmoja asiyemfahamu.

"Nilisoma makala yako ya mlango uliokataa kufungwa, Mhandisi. Ulisema tusiulaumu mlango, tutazame ukuta. Mlango wa darasa la sita haufungiki tangu wiki iliyopita. Juu yake kuna ufa, sarafu inaingia."

"Watoto wako wapi sasa hivi?"

"Darasani."

"Watoe. Usiwakimbize. Watoe kwa mstari, kama mnakwenda michezoni. Halafu nipigie tuongee."

Kesho yake alisafiri na mumewe hadi pale. Alitembea, akapiga magoti, akachimba pembeni mwa msingi, akakuta bomba la maji machafu limepasuka chini kwa chini, udongo wa kona ile umeliwa. Akasema upande ule wa jengo usitumike. Watoto wakahamishiwa ukumbi wa jirani. Mwenyekiti wa bodi ya shule alifika akiwa amefura.

"Mwanamke wa kwenye mtandao ndiye anayefunga shule yangu? Jengo hili lisipoanguka, mama, hutapewa hata banda la kuku ulikague."

Hakuwa anatania. Alikuwa mtu anayesikilizwa, na maneno yake yalifika mbali haraka. Dada alikuja nyumbani kwa Mama Nyufa akiwa na wasiwasi.

"Mdogo wangu, na ukiwa umekosea?"

"Nikiwa nimekosea, nitaandika kwamba nimekosea. Jumatatu."

Jumatatu ile, bila kuitaja shule, aliandika alichokiona, alichokikisia na kitu ambacho kingemthibitishia kwamba amekosea. Wiki ikapita, jengo limesimama. Watu wakamcheka kwenye maoni: "Mama, ukuta unakusalimu!" Wateja wawili wakaahirisha kazi. Chakula kikamshinda. Jumatatu iliyofuata wengi walitarajia ajitetee; yeye akamjibu mzee mmoja aliyeuliza wapi aweke tangi lake la maji. Mumewe alimwuliza kwa nini hakusema neno. "Mzee alingoja zamu yake," alijibu.

Jumatano, saa za masomo, kona ile ilikwenda chini. Ghorofa ya juu ilikaa juu ya madawati matupu ya darasa la sita.

Mwalimu mkuu alipiga simu. Nyuma yake zilisikika kelele za watoto.

"Wote?" aliuliza Mama Nyufa.

"Wote wapo, Mhandisi. Nimewaita majina mara mbili."

Aliketi sakafuni mwa ofisi, akalia kwa sauti. Mumewe akapanda ngazi mbio akidhani kuna msiba. "Nani amekufa?"

"Hakuna," alisema. "Hakuna mtu. Hakuna mtu!"

Siku chache baadaye mwenyekiti alipanda ngazi zile zile, kofia mkononi. Akasema, "Mjukuu wangu yuko darasa la sita." Mama Nyufa alimsogezea maji ya kunywa, wakaanza kuongea habari za msingi mpya. Mwenyekiti huyo yuko nasi leo, na ndiye aliyeomba jambo hili lisemwe bila kupunguzwa.

Baada ya hapo mambo yalimfungukia. Ofisi ilihama kutoka chumba kimoja ikachukua ghorofa nzima, na mwenye duka la miwani akajivunia jirani. Bodi ya wahandisi ilimkabidhi kazi ya kuandika mwongozo wa ukaguzi wa majengo ya zamani. Vyuo vilifundishia makala zake. Mahakama ilimwita mara kadhaa kama shahidi mtaalamu. Wahandisi waliokuwa wakubwa wake walimpigia kumwuliza, naye aliwajibu kwa heshima ile ile aliyompa mzee wa tangi. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka 2018, mbele ya ukumbi uliojaa, kijana mmoja alimwuliza siri ya kufika alipofika. Alifikiri, akasema, "Nilijibu watu. Na wiki iliyofuata nikawajibu tena." Ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Yeye akageuka nyuma kuangalia nani ameingia.

Mwezi Septemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Alipokea matibabu kwa utulivu na kwa maswali mengi mno, madaktari ni mashahidi. Daktari alipomwambia aache kazi, alijibu, "Jumatatu haijui kwamba naumwa." Aliandikia kitandani. Muuguzi mmoja alipoona anatazama sana ukutani aliogopa, akauliza kama wodi ihamishwe. "Ufa huo ni wa plasta tu," alisema. "Uacheni nao upumzike." Mwaka wake wa mwisho aliwapa wahandisi wawili wa ofisini nafasi ya kuandika, akakataa wamwige. "Sauti yangu nimeitumia," aliwaambia. "Tafuteni zenu."

Mama Nyufa alifariki Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024, mchana, mumewe akiwa amemshika mkono na dada yake akimsomea maswali ya wasomaji. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Ameacha mume, binti na mwana, mkwe mmoja na mjukuu mmoja, dada yake mkubwa na wadogo zake wawili, wafanyakazi wenzake, na wasomaji ambao hatuwezi kuwataja wote. Ameacha pia watu wazima wale waliosimama kule nyuma karibu na lango, waliokodi basi jana kuja hapa. Familia iliwauliza tuwaandikeje katika ratiba. Wakasema, andikeni darasa la sita.

Wapeni nafasi wapite mbele, wamshushe.

Mama Nyufa, umetujibu vya kutosha. Pumzika kwa amani.