Kadi ya Nyumba Nzima

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na ninyi bamama waimbaji wa chorale mulioanza kucheka hata sijafungua kinywa, Bwana asifiwe kwenu pia. Munanijua: Mama Masika wa viazi, mwenye sauti ya kusikiwa soko nzima. Leo nitasema polepole, sababu niko na kazi nguvu. Nimekuja kurudisha ushuhuda.

Munakumbuka mwaka jana nilisimama hapa hapa, nikainama mpaka vidole vikagusa simiti, nikasema Mungu ameponya mugongo wangu. Mulipiga makofi. Bwana wangu, Baba Masika, alipiga kuliko batu bote, na kesho yake akaelezea madereva bote ba parking. Ndugu zangu, siku ile sikuwa nimepona. Nilikuwa nimemeza vidonge vitatu vya tramadol, dawa kali ya maumivu, nyuma ya choo ya kanisa.

Acha nieleze ilivyoanza. Mimi ni mutu wa kubeba. Kwetu Lubero musichana anajua kubeba mbele ya kujua kupika: kitunga mugongoni, kamba ku paji la uso, na mulima mbele yako. Nilipoolewa hapa Butembo nikauzisha viazi, na magunia nikayashusha mwenyewe, sababu nilikuwa na kiburi ya nguvu zangu. Siku moja gunia likanivuta toka juu ya camion ya mizigo, nikaanguka kitako. Tangu siku ile, miaka sita, mugongo uliwaka toka kiuno mpaka kisigino.

Maumivu ya siku moja, batu banakuhurumia. Ya mwezi, banakuletea uji. Maumivu ya miaka banayazoea, na wewe unabaki nayo peke yako. Muuza dawa mumoja akanipa vidonge bila kuniuliza karatasi ya munganga. Nilianza na kimoja, nikalala vizuri sana. Kisha viwili. Kisha vitano, na nikishavimeza ninabeba hata gunia ambalo mugongo ulikuwa unakataa, kwa hiyo kesho yake ninaumia zaidi na ninameza zaidi. Nilivificha mu mukebe wa maharagwe, sababu Baba Masika hapikaka hata chai.

Siku ile ya kuombea bagonjwa nilijisikia mwepesi. Nikajiuliza kama ni Mungu ao ni dawa. Nilijua jibu, ndugu zangu, na nikasimama. Hiyo ndiyo zambi yangu, na nimeiungama.

Lakini muone mutego niliojitegea. Mutu aliyeponywa mbele ya kanisa zima, ataenda hospitali kufanya nini? Bamama ba baraza ya kanisa bangemuona ku mulango. Na mulipotangaza hapa habari ya mutuelle ya afya, kwamba watu wachange kila mwaka na wakigonjwa watunzwe, mimi nilisema kwa sauti yangu hii: «Mutuelle yangu iko mbinguni.» Mulicheka. Baba Masika hakucheka, na mimi sikujiuliza sababu gani.

Sasa musikie. Binti yetu Masika aliolewa Beni. Mwaka huu akazaa mutoto wa kwanza, mwanaume, Mumbere. Mujukuu wangu wa kwanza! Nilipanda gari ya asubuhi na viazi, na sabuni, na mukebe wa maharagwe. Siku ya tatu Masika akaniwekea mutoto ku mapaja, akaenda kuoga. Nilikuwa nimeshameza. Beni kuna joto, kiti kilikuwa kizuri, na mutoto alikuwa analala. Macho yangu yakafunga.

Kilio chake ndicho kiliniamsha. Alikuwa chini, ku mukeka. Mungu alimuhurumia, hakuumia hata kidogo. Masika alifika na sabuni ingali ku mikono, akamuokota, akamuangalia kichwa, akaniangalia macho. Hakunitukana. Alisema tu: «Mama, utamuangalia. Lakini hapana kumubeba tena.»

Ndugu zangu, mimi niliyebeba kuni, na maji, na magunia ya viazi, na batoto watano, nilikatazwa mutoto wa kilo tatu. Na binti yangu alikuwa na haki. Nililia mu gari mpaka Butembo, na mutu aliyekaa pembeni yangu akadhani nimefiwa.

Nilipofika nilimukuta Baba Masika anakunywa chai, chai aliyopika mama yake, Koko, ambaye anaishi na sisi. Nikaweka mukebe ku meza, nikafunua, nikamwambia yote. Huyu ni mutu aliyenisifu parking nzima. Nilikuwa ninamuvua nguo mbele ya marafiki yake. Kisha akasimama, akaenda ku kalenda ya ukuta, akatoa nyuma yake kadi.

Ilikuwa kadi ya mutuelle. Juu yake kulikuwa sura yake, ya Koko, ya batoto bane bangali nyumbani, na yangu, imekatwa mu picha ya chorale, na bega la Mama Kavira lingali linaonekana pembeni.

«Mama Masika, mimi sio mupumbavu,» akasema. «Mutu mwenye kupona hasinzii mu sahani ya sombe.»

«Sababu gani hukuniambia?»

«Ungesema siamini Mungu wako. Nikangoja useme mwenyewe.»

Akanieleza. Alikuwa ameenda kuandikisha Koko peke yake, kwa tension yake, damu yenye kupanda. Mama wa mutuelle akamukatalia: pale hawaandiki mugonjwa peke yake, wanaandika nyumba nzima, bote benye kula ku chungu kimoja. Baba Masika anasema hajawahi kufurahia kukataliwa namna ile. Sasa aliweza kuweka jina langu bila kuniaibisha mbele ya mutu. Na kadi mpya inangoja miezi mitatu mbele ya kuanza kufanya kazi. Miezi yangu ilishaisha, nyuma ya kalenda, wakati mimi ninajisifu kwamba mutuelle yangu iko mbinguni. Niliketi chini nikacheka na kulia pamoja. Koko akasema, «Hata mimi nilijua. Ile maharagwe hatukuikula hata siku moja.»

Munganga wa hospitali akanipokea. Akanikataza kuacha vidonge mara moja, akavipunguza kidogo kidogo, juma kwa juma. Musidhani ilikuwa rahisi. Nilitoka jasho, nilitetemeka, makamasi yakanitiririka, nikamukasirikia kila mutu mwenye kupumua. Baba Masika alikuwa ananifunika blanketi, ninaitupa, ananifunika tena.

Kisha akanituma kwa kiné, musichana mudogo mwenye mikono nguvu, anayefundisha mwili kutembea upya. Na hapa nataka muelewe vizuri. Kidonge ni bei ya kichane cha ndizi, na kinafanya kazi leo. Kwa kiné unarudi mara kumi na mbili, na mara kumi na mbili tena, na mwanzoni huoni kitu. Bila kadi ningeenda mara moja, nikarudia mukebe wangu. Kwa barua ya munganga, mutuelle ililipa sehemu kubwa, sisi tukatoa kidogo. Nyumbani ninalala ku mukeka ninainua miguu, Baba Masika anahesabu, na anaruka namba kwa kunihurumia. Koko naye anainua ya kwake, anasema kadi ni ya bote.

Musipige makofi bado. Mvua ikikaribia, mugongo unaniambia mbele ya mawingu. Kubeba magunia nimeacha. Kuna vijana ba kushusha. Lakini ni miezi mitano sijameza hata kidonge kimoja cha ile dawa, na usiku ninalala usingizi wangu mwenyewe.

Wewe mwenye mukebe nyumbani, ninakusemesha wewe. Mwenye kuficha ugonjwa, kifo kitamuumbua. Umwambie mutu mumoja leo, mbele ya kulala. Nilimuomba Mungu anishukie na moto, naye alikuwa ameshanijibu kwa karatasi ndogo, kwa mikono ya yule musichana, na kwa bwana mwenye kujua kungoja. Mumuamini, hata akijibu namna ile. Baba Masika, wasingya, asante.

Sasa nageuka. Masika amefika jana toka Beni, ndiye yule ku benchi ya tatu. Jana aliniangalia macho muda murefu, kama siku ile. Kisha akaniambia leo niiname, aniwekee mutoto mugongoni. Kiné alinikataza mizigo. Nilipomuuliza juu ya kubeba mujukuu, alisema dakika kumi.

Masika, mulete. Niko ninainama, muweke. Funga kitenge wewe mwenyewe, kaza vizuri. Baba Masika, angalia saa, na leo hapana kuruka namba.

Haya, ndugu zangu. Mumbere eko mugongoni. Sasa mupige makofi, lakini polepole, analala.