Nilivua Nguo Nyeusi Kando ya Bahari ya Italia

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana mara ya kwanza mmeitikia kama watu wanaoogopa majirani!

Hapa kanisani Yeoville, Johannesburg, mnaniita Mama Lindiwe. Nimezaliwa Morogoro, na huko ndiko nilikoolewa na Themba, kijana wa Soweto aliyekuwa uhamishoni akiipigania nchi yake. Nchi ilipofunguka tukarudi kwao. Nimeishi nyumbani kwa wakwe zangu mpaka nimeota mvi, na bado wananiita makoti, bibi harusi. Sikuchukia. Nilikuwa na mume.

Halafu asubuhi moja Themba akalalamika kifua kinamuuma, akafa kabla ambulensi haijafika.

Nililia, ndugu zangu, mpaka sauti ikakauka. Baada ya mazishi wifi yangu Nomvula akanivalisha nguo nyeusi kutoka kichwani mpaka miguuni, nizivae mwaka mzima. Wapo wanawake wanaozivaa kwa upendo. Hao sina neno nao. Mimi nilivalishwa kama mshtakiwa! “Kaka yetu alikuwa mzima,” Nomvula alisema mbele ya watu, “mpaka alipotuletea mgeni.” Mgeni! Baada ya miaka yote ile! Nikaambiwa nisimpe mtu mkono, jua likizama niwe ndani, na nikithubutu kuvua kabla ya wakati, kifo kitarudi kumchukua binti yangu.

Hapo ndipo waliponifunga. Kitambaa ni kitambaa tu. Kilichonifunga ni hofu. Nilikuwa nampigia Lindiwe simu kazini kwake Randburg ili nisikie tu kwamba anapumua. “Eish, Mama, niko sawa!” Nakata, baada ya muda napiga tena. Na humu kanisani, niseme? Nitasema! Wapo waliosogeza mikoba yao nilipokaa karibu.

Safari ya Italia ilipangwa kabla ya msiba. Kanisa rafiki la huko liliwaalika akina mama wetu kwa mafungo ya mwisho wa juma, na Themba mwenyewe ndiye aliyenihimiza niende. Nomvula akasema, “Mjane hapandi ndege.” Nikapanda! Lakini nilipanda na hofu yangu, na weusi wangu mwilini.

Mji ule umebandikwa kwenye mwamba juu ya bahari. Nyumba za waridi, nyumba za manjano, malimau makubwa kama maembe, na ngazi, ngazi, ngazi! Ijumaa tulifunga na kuomba. Jumamosi, baada ya mafundisho, mwenyeji wetu Wanjiru, Mkenya aliyeolewa huko, akatutembeza. Tukapanda boti. Wenzangu wanacheka na kupigana picha, mimi nimejibanza nyuma nisionekane.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, tukamkuta bibi kizee anafagia mlangoni kwake. Naye alikuwa amevaa nyeusi tupu. Akanitazama, akaweka ufagio chini, akanishika mkono. Nikataka kuuvuta, akaukaza. Akasema neno, Wanjiru akanitafsiria: “Anauliza, ni mume?”

Nikaitikia kwa kichwa. Yule bibi akajigusa kifuani. Wake alikufa baharini, wao wakiwa bado vijana kabisa.

Nikamwambia Wanjiru, “Muulize, mbona hakuvua?”

Bibi akajibu: “Nilikuwa nangoja mtu aniambie inatosha. Wote waliokuwa na ruhusa ya kuniambia wamekufa.”

Ndugu zangu! Niliketi pale pale kwenye ngazi, watalii wakanipita. Nikasema kwa sauti, “Yesu, wewe ulishatoka kaburini. Mimi nakaa humu nangoja ruhusa ya nani?” Msiniulize kama mbingu zilifunguka. Hazikufunguka. Ila niliposimama, mkono wa yule bibi niliushika mimi mwenyewe.

Jumapili asubuhi Mama Beya, fundi wetu wa nguo kutoka Lubumbashi, mnamjua, akaingia chumbani kwangu na kitenge chake cha njano. “Mama, vala hii. Mungu haogopake rangi!” Nikavaa. Nikashuka ibadani, nikampa mkono kila mtu, hata wapishi. Nikasimama nikaimba! Na Lindiwe? Nilipompigia alikuwa anakula, akaniomba nimwache amalize.

Nilirudi Soweto na kitenge hichohicho. Nomvula alikuwa getini.

“Umevua?”

“Nimevua, wifi.”

“Nani amekuruhusu?”

“Aliyefufuka Jumapili.”

“Likikupata jambo, usije kunililia!”

“Nikilia, nitamlilia yeye huyohuyo. Naomba nipite.”

Nikapita. Mama mkwe alikuwa kitandani chumbani kwake. Alikitazama kitenge kwa muda mrefu, nami nikasubiri kufukuzwa. Akasema, “Makoti, nina kiu. Nipikie chai.” Tangu mazishi hakuna mtu katika nyumba ile aliyekunywa kitu kutoka mkononi mwangu. Alikunywa vikombe viwili.

Nomvula mpaka leo hanisalimii. Sawa! Mimi namsalimia kila asubuhi, na nitaendelea. Themba bado namlilia, na machozi hayo ni yangu, hakuna aliyenipangia. Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye hofu nikiwa ugenini, kwenye ngazi za watu nisiojua hata lugha yao. Hakunidai niwe jasiri kwanza.

Sasa wewe mama uliyekaa hapa leo, uliyeambiwa kwamba umeleta kifo nyumbani kwa watu: huyu Yesu mwamini. Sikuombi useme kitu, sikuombi hata uvue kitu. Nakuomba usimame tu. Wanaokutazama, waache watazame. Simama, mama. Mimi nakuja hapo ulipo, nikushike mkono.