Sabuni kwa Belti

Akal, zima redio. Esekon, weka simu chini, keti hapa kwa kitanda, usisimame kwa mlango kama mtu amekuja kudai rent. Nataka kuongea, na sauti ndio hii mnasikia, na daktari alisema hii kansa ya koo imeshikana na sauti pia, wiki ijayo naweza kuwa natingisha kichwa tu kama kinyonga. Wosia ni kitu ya wazee, najua. Mzee huketi akasema wanangu. Mimi sina watoto, sina mvi, sijafika hata ile umri ya kupewa kiti harusini. Lakini baba hayuko, mama hayuko, mzee wa hii nyumba ni mimi, Lomorukai, kwa hivyo wanangu ni nyinyi, ndugu zangu wawili. Skizeni.

Leo asubuhi nimesikia gari ikiwaka. Hapo ndio nimejua. Tangu tuinunue, Panya haijawahi kuwaka asubuhi bila kulia, na hiyo jina watu wa steji waliipatia juu ya hiyo kulia, kwiii, mpaka mbwa za jirani zilikuwa zinaamka kabla ya adhana. Leo imewaka kimya kama gari ya mbunge. Nikasema, hawa wamepaka sabuni kwa belti. Na mtu hapaki sabuni kwa belti ya gari yake. Anapaka ya gari anauza. Usiangalie dada yako, Esekon. Nimeharibika koo, masikio iko sawa. Ni Bedan wa miraa anakuja kuinunua, si ndio? Saa sita.

Sijakasirika. Nimengoja hasira ikuje, haijakuja. Niko hivi tangu siku ya daktari. Watu wanaingia hapa wanalia, wanashika miguu yangu, na mimi naangalia pale mabati imeshika kutu, nafikiria kutu tu. Mkiniona hivyo msiseme Lomo ni jasiri. Ni vile hakuna kitu inafika.

Ngoja niteme. Nipee mkebe.

Mama aliuza mbuzi zake za mwisho ndio tukapata Panya. Aliniambia, Lomorukai, nimeuza kitu inazaa nikanunua kitu inakunywa mafuta, sasa kuzaa ni wewe. Wanasema ng'ombe ya maskini haizai. Basi na gari yake inalia. Tukabadilisha belti, ikanyamaza, ikarudi. Fundi Kuno akasema imelegea, akakaza, ikanyamaza, ikarudi. Mwingine akasema ni baridi ya asubuhi, mwingine akapaka nta ya mshumaa, akaniambia enda na amani kama pasta. Nikawa natembea na belti spea kwa buti vile mama ya mtoto mdogo anatembea na nepi. Mnakumbuka ile siku ya barabara ya Gotu, nimebeba jirani yetu Akidor na uchungu ya kuzaa, belti ikakatika, injini ikachemka, tukakaa kwa jua mpaka lori ya mchanga ikatuvuta. Akazaa kwa hiyo lori, na mtoto wakamwita Lomorukai, na mpaka leo sijui kama ilikuwa shukrani ama matusi.

Hiyo siku nilikuja nikafungua boneti mwenyewe, nikainama, nikaangalia na upande. Altaneta, ile inachaji betri, imekaa kombo. Ule mkono wa chuma unaishika, mwenye gari wa kwanza aliuchomelea ukapinda, kidogo tu, upana wa ukucha. Belti haikuwa na makosa hata siku moja. Ilikuwa inavutwa kando kila siku, inalia, na sisi tunaadhibu yule analia. Nikaweka kipande ya mabati nyuma ya mkono, imesaidia, lakini barabara ikiitingisha sana inateleza, inarudi kombo. Akal, shika hii, hii ni mali kuliko pesa: ikianza kulia, mwagia maji kidogo injini ikiwaka, na utoe vidole. Ikinyamaza halafu irudi, belti imechoka ama imekaa kombo. Maji ikifanya ilie zaidi, imelegea, kaza. Lakini sabuni, hapana. Sabuni haiponyi kitu. Sabuni inakuambia nyamaza.

Na mimi ilikuwa hivyo hivyo. Ugali ilianza kukwama, nikasema ugali ya Akal ni ngumu. Kumbuka ulikasirika. Nikaongeza mchuzi. Halafu nikakula uji, nikanunua dawa ya kiungulia, ikatulia, ikarudi. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio yenyewe tuliipaka sabuni.

Sasa ya Bedan. Najua mlitaka nini. Muuze Panya, mnipeleke Nairobi nichomwe ile miale. Sitaki mniambie, itawauma kusema na mimi itanipita tu. Lakini daktari aliongea na sisi wote watatu, mlikuwa hapo, alisema ni ya kupunguza maumivu, sio ya kutoa ugonjwa. Mtauza kitu inawalisha ndio mninunulie miezi ya kutema kwa mkebe. Na mtamuuzia nani? Bedan. Huyo Mmeru alibeba jeneza ya mama upande wa kichwa, na miraa yake ikaharibika hiyo siku hakusema kitu. Sabuni itaisha kabla afike Ngaremara. Atasimama kwa barabara na gari imekufa, na atajua ni watoto wa Nakolong. Jina ya mama sio ya kuwekwa hapo.

Panya haiuzwi. Panya ni ya Akal. Watu wa steji wakisema msichana ataendesha gari ya Ngaremara aje, waambie panda ama shuka, hakuna ya tatu. Esekon, wewe spana zangu zote, na shule. Mimi niliwacha pale hesabu ilianza kuwa na herufi ndani, nikasema hii ni wazimu, nikatoka, na barabara ikanichukua. Wewe kaa na huo wazimu mpaka mwisho. Ukiwacha shule ati ushike usukani, dada yako asikupee funguo hata ya kuosha gari.

Mate ingine. Ngoja.

Baba mdogo, Ekiru. Alichukua mbuzi za baba akasema anatuchungia, na mnajua vile alichunga. Hiyo chuki nimeilisha miaka mingi, sasa naitafuta siioni. Sijui kama ni kusamehe. Imeisha tu kama mafuta. Atakuja kwa mazishi na ataongea mambo ya ukoo na gari. Mpee chai, mpee nyama, mwiteni baba. Funguo asishike.

Mnizike Ngaremara kando ya mama. Kwa Panya sitoshei, hata mkilaza viti, tafuteni pikapu, lakini Panya iende mbele, Akal akiendesha. Siku ingine, mkipata, mnunue mkono mpya wa altaneta, muweke sawa, inyamaze kwa haki. Lakini sio kabla mnizike.

Nimechoka. Sogeeni.

Wazee wetu wanabariki na mate, na sijawahi kuwa na kitu nyingi kuliko mate. Chakula haipiti, maji haipiti, mate yenyewe haipiti, na nimeona, Esekon, nikitema unageuza uso. Sio vibaya. Leo usigeuze. Leteni vichwa. Karibu zaidi.

Akuj, Mungu wetu, awape barabara na maji karibu. Mtoke na mrudi. Mlie mkitaka kulia. Msile kila mtu kando yake. Adui akiwaita, upepo uitikie. Akal, ffu. Esekon, ffu.

Msipanguse. Wacha ikauke yenyewe.

Sasa enda, Esekon. Maji moto iko kwa thamosi. Injini ikiwa imezimwa, osha ile belti vizuri na kitambaa, na pulei, zile gurudumu inazunguka, mpaka sabuni yote itoke. Bedan akifika mwambieni tu, inalia, haiuzwi. Atacheka. Mpee chai.

Akal, enda uwashe. Mlango, wacha wazi.

Bado. Haijalia, hiyo ni sabuni bado. Osha tena.

Washa.

Hapo. Iwacheni ilie.